Sifa za Chewa wa Sebuleni

Wamesifiwa simba, farasi na jogoo hadi sifa zikachakaa. Leo ni zamu ya chewa, na si yule wa mchuzi, bali chewa anayelelewa sebuleni ndani ya tangi la kioo, akiandaliwa maji ya chumvi na kulipiwa umeme usiku na mchana.

Tuanze na nasaba. Ukoo wa chewa mkubwa kuliko wote wa miambani umeenea kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki, na mzee wa ukoo huo huweza kupita mita 2 kwa urefu na kilo 300 kwa uzito. Pamoja na utukufu huo, hajikwezi. Katika maduka ya samaki wa mapambo huuzwa akiwa kitoto cha kukaa kiganjani, amevaa manjano na meusi, na mnunuzi hudhani amepata ua. Ukubwa wake huusitiri mpaka risiti ipotee.

Pili, ni mpatanishi. Tangi lenye samaki wengi halikosi ugomvi: huyu amfukuza yule, yule amtafuna mwenziwe mkia. Chewa huyamaliza bila kuitisha kikao. Hupanua kinywa ghafla, maji yakavutwa ndani na mgomvi akaenda nayo mzima mzima, bila damu wala kelele. Asubuhi mwenye nyumba hukuta utulivu mtupu, na chewa ametulia pembeni kama mzee aliyetoka kula pilau ya harusi. Wala hana upendeleo: samaki wa bei ghali na wa bei poa huwapokea kwa kinywa kimoja.

Asidhaniwe hana shukrani. Huko mwambani, samaki mdogo msafishaji humwingia kinywani, akamtoa vidusia na kutoka salama. Ni matajiri wangapi ambao fundi akiingia kwao hutoka na haki yake?

Tatu, huchangamsha uchumi, hasa wa muuza vifaa. Kamba na ngisi anaowala leo, kesho hugeuka amonia majini, na amonia hudai chujio kubwa, pampu yenye nguvu na maji mapya kila mara. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja na huhitaji chumvi kilo 35 hivi. Aliyezoea kupima chumvi kwa kijiko sasa huinunua kwa ndoo, kisha huanza kuitazama sakafu yake kwa jicho la mhandisi.

Nne, humjua amlishaye, humfuata kwa macho kutoka upande huu wa kioo hadi ule. Wenyewe huita mapenzi. Ni vyema wasitie kidole majini kuyathibitisha.

Wachache wenye imani haba humchoka, wakambeba usiku kwenda kummwaga baharini. Huenda ndivyo chewa mweupe wa madoadoa, mzaliwa wa Pasifiki, alivyopata kuonekana katika maji ya Florida, Marekani, bila mwaliko wa wenyeji wake.

Kwa hiyo mwenye sebule pana, sakafu ya zege, mshahara usio na kazi nyingine na subira ya miaka mingi, asisite. Asiye navyo amwache chewa mwambani: huko hupatanisha, hula na husafishwa kinywa, na hakuna anayedaiwa bili ya umeme.