Wiki ya Kupiga Windo

Jumatatu

Mwalimu wa shule ya jirani alikuja kibandani kwangu, hapa Ngamiani, kujaza fomu ya maombi mtandaoni. Tovuti ikafunguka nyeupe. Tuliutazama weupe ule kwa muda, mimi na yeye. Chini kabisa palikuwa na maandishi madogo yanayotutaka tutumie kivinjari kipya. Mwalimu aliniaga kwa heshima zote, akaenda kibanda cha pili. Kile hakina hata feni.

Kompyuta yangu ni ya mwaka 2007. Ilikuja ya mtumba kutoka Ulaya, na mpaka leo ina kibandiko cha shule fulani ya Uholanzi. Mpwa wangu anasema kibandiko hicho kinakataza kuihamisha. Ina prosesa ya Core 2 Duo, RAM ya GB 2 na Windows 7 ya biti 32. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Chrome nayo, kwa watu wa daraja letu, iliishia toleo la 109 mwaka 2023. Hakuna aliyekuja kuhani.

Mpwa wangu yuko likizo ya chuo. "Mjomba," akasema, "hii tunaipiga windo 11, inakuwa mpya." Nikamuuliza kama inawezekana. Akajibu kwamba hairuhusiwi, ila inawezekana. Nimeishi mjini miaka mingi na jibu hilo nalifahamu.

Jumanne

Faili la Windows 11 lina zaidi ya GB 5. Bando langu lina matumizi mengine, hasa kuisha. Tukaenda kafe ya intaneti, ambako bwana wa kafe alikuwa nalo tayari, toleo linaloitwa 23H2. Palikuwa na foleni. Mbele yetu walikaa vijana wa maombi ya kazi na bahasha zao za kaki, na mama mmoja aliyekuja kuskani cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwepo, analia, kwa hiyo kuzaliwa kwake hakukuwa na shaka.

Zamu yetu ilipofika, flashi ikalikataa faili. Flashi ni ya GB 16 na ilikuwa tupu. Mpwa akaeleza kwamba imepangwa kwa mfumo wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja lenye kuzidi GB 4, hata nafasi iwe tele. Dawa yake ni kuipanga upya kwa NTFS. Tulipokuwa tunatafuta dawa, muda wetu ukaisha na kiti kikachukuliwa. Tukarudi nyuma ya foleni. Hadi flashi inalipokea faili, mtoto alikuwa ameshalala, nami nilimwonea wivu.

Jumatano

Shughuli ya kupiga windo ilianza asubuhi baada ya chai. Ilimalizika kabla vikombe havijaoshwa. Maandishi yalitokea kwamba kompyuta hii haiwezi kuendesha Windows 11. Haikujaribiwa, haikupewa hata swali la mazoezi. Ilitazamwa tu ikarudishwa mlangoni.

Nilisomewa masharti. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, na kama ni prosesa ya Intel, inataka ya kizazi cha nane kwenda juu, yaani za kuanzia mwaka 2017. Inataka RAM ya GB 4. Inataka pia chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, ambayo viwango vyake vilichapishwa mwaka 2014. Ni sawa na kwenda ofisini na shida yako, ukadaiwa barua ya mjumbe kabla hujaulizwa shida yenyewe. Na hapa mjumbe ameanza kazi miaka saba baada ya wewe kuzaliwa.

Kuna programu ndogo ya bure inayoitwa Rufus. Kazi yake ni kutengeneza flashi ya kupigia windo. Ukitia alama kwenye kisanduku kimoja, inayaondoa maswali ya TPM, ya Secure Boot na ya RAM. Mwombaji hapewi karatasi yoyote; karani ndiye anayeondolewa mezani. Niliona ni utaratibu unaofaa kusambazwa mikoani.

Mpwa akasema kwa kuwa tunaingilia dirishani, tuingie na mzigo mpya zaidi. Akaagiza toleo la 24H2 kwa bando la usiku. Simu yake ililala kwenye chaja yangu. Mimi sikuwa na pa kuchajia.

Alhamisi

Nembo ya Windows ilitokea. Nikamwita mke wangu aje aione. Alipofika ilikuwa imeshapotea na mashine ilikuwa inajizima na kujiwasha yenyewe. Nembo ikatokea tena, ikapotea tena. Mke wangu aliitazama kwa adabu, akarudi jikoni kwenye mambo yanayoiva.

Kosa ni kitu kinachoitwa POPCNT. Hilo ni agizo la prosesa la kuhesabu ndani ya namba moja kuna tarakimu ngapi za 1, pale namba inapoandikwa kwa 0 na 1 pekee. Prosesa za Intel zilianza kuwa nalo mwaka 2008. Yangu ilikuwa imeshatoka kiwandani. Tangu toleo la 24H2, la Oktoba 2024, Windows haiwaki bila agizo hilo, na Rufus hana msaada. Safari hii kilichokosekana si karatasi, ni uwezo. Mashine hii imefanya hesabu za msikiti, za kikoba cha akina mama na za timu ya mtaa iliyoshuka daraja. Imeenguliwa kwa kutojua kuhesabu moja.

Tukarudi kwenye faili la Jumanne, toleo la 23H2, ambalo halina habari na POPCNT. Mpwa aliweka pembeni diski yetu ya zamani pamoja na Windows 7 yake, akafunga diski nyingine ya kuazima. Kazi ilikwenda vizuri. Ilipokaribia mwisho, umeme ukakatika. Mtaa mzima ulisema "aa" kwa sauti moja, kisha kila mtu akatoka nje kuhakikisha kwamba na jirani hana. Hana.

Umeme uliporudi tukaanza mwanzo. Usiku windo ikawaka, kamili, na salamu zake. Nilibonyeza kitufe cha Start nikaenda kuswali isha. Niliporudi kilikuwa kinafunguka.

Ijumaa

Fundi amesema tatizo ni RAM. Mashine hii inatumia DDR2. Dukani kwake ziko DDR3 na DDR4, zimepangwa kwenye kioo pamoja na chaja za simu. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240, lakini kijipengo cha katikati hakiko mahali pamoja, makusudi, ili mtu asikosee. Kijana wa fundi alijaribu kuisukuma kwa nguvu zaidi. Fundi akamwambia akanunue vocha.

Ikaadhiniwa. Fundi akafunga duka, nami nikaenda msikitini. Tuliporudi foleni ilikuwa imepangwa upya na watu ambao hawakwenda. Nikawa wa mwisho, nyuma ya mtu mwenye redio. Redio haikuwa na tatizo. Alitaka fundi aisikilize.

Hatimaye DDR2 zilipatikana ndani ya kompyuta mbovu iliyokuwa inashikilia mlango wa nyuma. Zilikuwa vipande viwili vya GB 2. Fundi alivipuliza vumbi, akaiangalia nguo yangu, akataja bei. Nilikuwa nimevaa kanzu ya Ijumaa, na bei ilikuwa ya kanzu.

Jumamosi

RAM sasa ni GB 4 na windo inatembea. Haikimbii. Taa ya diski haizimi. Picha imejivuta upande kwa sababu chipu ya picha ya wakati ule haina dereva wa wakati huu, kwa hiyo Windows inatumia dereva wa kawaida tu. Watu wote kwenye skrini wamenenepa. Mteja mmoja aliyekuja kuprinti kadi ya harusi alisema bibi harusi amependeza.

Tulifungua tovuti ya fomu. Kivinjari kikatuonya kwamba hapo si mahali salama. Tukafungua nyingine, nayo si salama. Kwa saa nzima intaneti yote ya dunia ilikuwa ya matapeli, isipokuwa sisi. Kumbe saa ya kompyuta inasoma tarehe 1 Januari 2007. Tovuti huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya mwisho, na kwa hesabu ya mashine yangu vyeti hivyo vilikuwa havijatolewa bado. Kwa mara ya kwanza wiki hii, mashine ndiyo iliyodai karatasi.

Ugonjwa ni betri ya CR2032, ile bapa ya duara inayokaa kwenye ubao mkuu kutunza saa umeme ukiwa umezimwa. Inauzwa dukani kwa Mpemba, karibu na viberiti. Ni kifaa pekee katika zoezi hili nilichokipata bila foleni. Chenji haikuwepo, nikapewa pipi.

Saa ilipokaa sawa, windo ikatuletea taarifa rasmi. Toleo la 23H2, kwa kompyuta za nyumbani, lilifikia mwisho wa huduma tarehe 11 Novemba 2025. Nikamwomba mpwa anisomee tena, taratibu. Ina maana tumehama kutoka windo iliyostaafu tukahamia windo iliyostaafu juzi juzi. Mpwa akasema, "Lakini hii ina kona za mviringo, Mjomba." Kona nimeziona.

Jumapili

Mwalimu amerudi. Kule kibanda cha pili kuna foleni. Aliniamkia, nikamwitikia, nikamkaribisha kiti. Tovuti ikafunguka, ya rangi, na fomu yake yote. Alijaza jina, akajaza shule aliyosoma, akabonyeza pa kutuma. Ikakubali. Alinishukuru kwa namna ambayo sikuizoea, nami nikakohoa kidogo ili nionekane nimezoea.

Kisha akaomba aprintiwe nakala. Printa yangu ina dereva wa biti 32 pekee, na waliomtengeneza hawakumtengeneza mwingine. Windows 11 haina toleo la biti 32. Ipo ya biti 64 tu. Printa iliwasha taa ya kijani, ikatoa mlio, ikatulia. Kwa windo mpya ile ni samani.

Mpwa alifikiri, akachukua bisibisi. Amezifunga diski zote mbili. Fomu inajazwa kwenye windo 11, inaseviwa kwenye flashi, kompyuta inazimwa, inawashwa tena kwa diski ya zamani, na Windows 7 inaprinti bila kuuliza lolote. Mwalimu alisubiri. Alisoma gazeti la wiki iliyopita, kisha akasoma kibandiko cha shule ya Uholanzi, ingawa Kiholanzi hakijui.

Jioni nikabandika tangazo mlangoni. Huduma ya fomu za mtandaoni imerejea. Mteja afike mapema, awe ameshakula. Kuprinti ukurasa mmoja ni shilingi mia mbili, bei ni ileile.