Shemeji, Kopo na Kitunguu Saumu

Shemeji wangu akirudi kutoka Kampala haleti zawadi, analeta tiba. Safari hii ametua Nyakasanza na kopo la seleniamu, akaliweka mezani kwa heshima zote, kama mtu anayerudisha mahari.

"Shemeji, mwili wako unakosa madini."

Amejuaje? "Uso unaonyesha." Uso wangu unaonyesha vumbi la Bunia, basi. Asubuhi hiyo pikipiki tatu zilikuwa zimenipita, na kila moja iliniachia fungu langu.

Mama watoto, ambaye neno langu haliamini bila mashahidi wawili, la kaka yake aliliamini palepale. Kidonge kimoja kwa siku, akaagiza. Mimi nikaona dola 15 (maana tiba ya shemeji hailetwi bure) hazifai kulipwa kidogokidogo, nikawa nameza viwili asubuhi na viwili jioni.

Wiki ya tatu akaniuliza, "Baba watoto, jana ulikula michopo wapi?"

"Sijala michopo."

"Na hicho kitunguu saumu kinachonuka mdomoni?"

Niliapa kwa marehemu wote ninaowakumbuka. Akalala akitazama ukuta. Nimewahi kuadhibiwa kwa michopo niliyokula, lakini kwa ambayo sikuila ilikuwa mara ya kwanza.

Aliyeniokoa ni jirani yetu muuguzi. Alisoma kopo, akacheka mpaka akakaa chini. Kila kidonge kina mikrogramu 200. Mtu mzima anahitaji kama 55 kwa siku, na asivuke 400. Mimi nilikuwa kwenye 800, bila kuhesabu chakula. Pumzi ya kitunguu saumu, akasema, ndiyo kengele ya seleniamu iliyozidi. Baadaye kucha hukatika na nywele hudondoka. Nywele zangu ziliniaga zamani, kwa hiyo onyo hilo halikunigusa. Seleniamu yenyewe, mkemia Mswidi Berzelius aliitambua mwaka 1817 akaipa jina la mwezi. Laiti angeiacha hukohuko juu!

Sasa muuguzi akianza hanyamazi. Akanipeleka Ubangi, kaskazini mwa nchi yetu hii hii, ambako watu walikosa iodini na seleniamu kwa pamoja, na sumu ya mihogo isiyolowekwa vizuri ikazidi kuibana tezi ya shingo. Watafiti wakajaribu kuwapa seleniamu peke yake, mikrogramu 50 tu kwa siku, miezi miwili. Majibu yalichapishwa mwaka 1991: waliokuwa na tezi dhaifu, homoni yao ilishuka zaidi. Kumbe seleniamu inavipa nguvu vimeng'enya vinavyoigeuza homoni ya tezi ili mwili uitumie. Vikichangamka, akiba inakwisha mbio, na iodini ya kutengenezea nyingine haipo. Ni kuleta wapishi watatu kwenye nyumba isiyo na unga. Iodini kwanza, akasema, ndipo mengine.

Nikamuuliza: kwa hiyo mimi nakosa nini? "Sijui. Hakuna aliyekupima."

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Dola 15! Ziwa Albert liko hapo chini, samaki wa Kasenyi wanapandishwa mjini wakiwa na seleniamu yao ndani, mayai nayo yanayo, na hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji maandishi ya Kiingereza mgongoni. Lakini mwambie shemeji akuletee kapiteni mmoja, utasikia barabara mbaya.

Vidonge nimeviacha. Kopo, mama watoto amekataa litupwe: linafunga vizuri, na chumvi yenye iodini ikikaa wazi penye unyevu, iodini yake hupotea. Ya sokoni inashinda wazi kwenye beseni, tangu asubuhi hadi jioni. Hiyo ni kesi ya siku nyingine. Basi sasa tunaweka chumvi humo, karibu na sufuria ya sombe.

Jumapili shemeji alipita, akaliona, akalitikisa sikioni.

"Linakaribia kuisha, shemeji. Usijali, Jumatano naenda Kampala."