Ugali wa Dola, Samaki wa Ijumaa

Ndugu zangu wa Kinondoni, barua hii inatoka Barbados, kisiwa ambacho sisi tulioko Toronto hukikimbilia mwezi wa Februari kabla baridi haijatumaliza. Najua mtauliza bahari ikoje, lakini bahari mnayo, itasubiri. La kwanza ni hili: huku ugali ni chakula cha taifa. Sitanii. Wanauita cou-cou, unasongwa kwa unga wa mahindi ya njano, umo kwenye menyu za hoteli za pwani ya magharibi na bei yake imeandikwa kwa dola. Watalii kutoka Uingereza wanaupiga picha kwanza, kisha wanaula kwa uma na kisu, taratibu, na uso wa mtu aliyepewa heshima. Miaka yote mnalalamika kwamba Mungu alitugawia fungu dogo, kumbe fungu lenyewe mnalifunika sufuriani kila mchana na kulinung'unikia.

Ila msianze kutembea kifua mbele, kwa sababu wenzetu wameufanyia ugali jambo ambalo shangazi zangu wangeliitia kikao cha ukoo. Wanautia bamia. Si bamia pembeni kama mboga, la, bamia ndani ya ugali wenyewe. Bamia zinakatwa vipande vya mviringo, zinachemshwa mpaka maji yateleze, kisha maji yale ya mlenda ndiyo yanayotumika kusongea unga, ambao umekwisha lowekwa kwenye maji baridi ili usifanye mabuje. Mwiko wao ni bapa, mnene kidogo, na mpishi anautia unga kwa mafungu huku akikoroga bila kupumzika. Ukiiva unamiminwa kwenye bakuli lililopakwa siagi, unazungushwa upate umbo, unageuziwa kwenye sahani ukiwa unang'aa, halafu juu yake kinabonyezwa kishimo cha kutilia mchuzi. Mchuzi ni wa samaki yule anayeruka juu ya maji, aliyetolewa miiba, akakunjwa na kupikwa kwa nyanya, kitunguu, pilipili na majani ya taimu. Kwa kifupi, ni Dodoma iliyopewa bahari. Samaki huyo wanampenda hata wamemchora kwenye sarafu ya dola moja, na mwaka 2006, baraza la usuluhishi lilipoamua mpaka wa bahari kati ya Barbados na Trinidad na Tobago, haki ya kumvua ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyobishaniwa. Sisi tunagombania mipaka ya viwanja. Wenzetu wanagombania kitoweo, na mimi naona wao ndio wenye akili.

Sasa niwaeleze kwa nini nimeanza na sufuria wakati vipeperushi vya utalii huanza na kasa. Vipeperushi vinasema raha za kisiwa hiki ni kupanda mashua kubwa yenye vinywaji, kuogelea na kasa, kuingia pango la Harrison kwa kigari, na kulala kwenye kiti kirefu chini ya mwavuli wa kukodi. Mimi nashikilia kwamba orodha hiyo imepangwa kwa kipimo kibovu. Raha ya kweli ya kisiwa ni ile ambayo mwenyeji anaitolea fedha yake mwenyewe siku yake ya kupumzika. Sababu yangu si uzalendo wa kuazima. Mgeni anakuja mara moja, analipa, anapanda ndege. Anayemuuzia hana cha kuogopa, akimpa samaki aliyelala siku mbili barafuni hasara ni ya mgeni na tumbo lake. Mwenyeji anarudi Ijumaa ijayo, anajua bei ya sokoni, anamjua mama mzazi wa muuzaji, na akiudhika ana mdomo. Raha iliyopita mikononi mwa mteja wa namna hiyo kwa miaka mingi ni raha iliyochujwa. Kipimo hiki kiwekeni hapo nyumbani mwone. Hakuna kipeperushi kinachomwambia mgeni aende Coco Beach Jumapili jioni ale mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, ilhali ninyi nusu yenu mko kule mmesimama foleni, na wale wa Mombasa wako Mama Ngina na viazi karai vyao.

Upande wa pili wa hoja yangu unavaliwa mkononi. Hoteli nyingi za visiwa vya upande huu, za Barbados nazo zimo, zinamfunga mgeni bangili ya plastiki siku ya kufika. Maana yake ni kwamba mwenye mkono huo amekwisha lipia kila kitu: chumba, chai, chakula cha mchana, cha jioni, na vinywaji toka asubuhi hadi baa ifungwe. Bangili haiharibiki kwa maji, haivuki kiganja, haifunguki ila kwa mkasi, na mtu analala nayo, anaoga nayo, anasali nayo. Mhudumu hakutazami usoni, anatazama kifundo cha mkono. Nimejaribu kuuelewa mpango huu kwa akili yangu yote ya kibiashara, ambayo mnajua ni ndogo, na naona umemweka kila mtu kumvizia mwenzake. Hoteli imekwisha shika fedha, kwa hiyo inafurahi mgeni akishiba mkate na viazi mapema. Mgeni naye ameapa kuirudisha fedha yake kwa njia ya kamba na nyama. Mnamjua yule mtu aliyechangia harusi, akapewa kadi ya watu wawili, akaja na nia ya kuula mchango wake wote usiku uleule, mpaka anafungasha na keki? Sasa jengeni hoteli ya ghorofa nne, ijazeni watu wa aina hiyo, na harusi iendelee siku saba. Katika hali hiyo hakuna anayeuliza samaki katoka wapi. Kitu ambacho hukilipii tena hukichagui, unakisomba.

Hata kasa wameingizwa kwenye mpango. Watu wa mashua wanawavuta kwa vipande vya samaki ili wasogee kwa wageni, kwa hiyo kasa naye, ukimtazama vizuri, ana bangili.

Mwenyeji Ijumaa usiku yuko Oistins. Ni mji wa wavuvi upande wa kusini, wenye soko la samaki, na kando yake vibanda vya kuchomea na kukaangia. Unachagua dorado, jodari au marlin, anawekwa juu ya makaa mbele ya macho yako, moshi wote unakuja usoni na hakuna anayeomba radhi. Sahani inakuja na wali uliopikwa na mbaazi, ndizi za kukaanga, na juu yake kipande cha mraba cha makaroni yaliyookwa na jibini. Ndiyo, wanga juu ya wanga juu ya wanga, na hapo sina neno, maana sisi ndio tunaokula pilau yenye viazi kwa chapati. Pembeni wazee wanacheza dansi kwa nyimbo za zamani, mume na mke wameshikana kiuno kwa adabu, hatua zimepimwa. Mtu wa Dar aliyelelewa na zilipendwa za redioni Jumapili mchana akisimama hapo kwa muda mrefu, moshi unamtoa machozi. Nasisitiza, ni moshi.

Mtaniambia Oistins nako kumejaa wazungu, kwa hiyo kipimo changu kimevuja. Wamejaa kweli. Lakini angalieni nani amemfuata nani. Vibanda havikujengwa kwa ajili ya wageni wakaalikwa wenyeji. Mgeni amepafuata mahali ambapo mwenyeji alikuwapo, na maadamu mwenyeji hajahama, samaki hajaharibika. Siku yule babu wa dansi atakapoacha kuja, nitafuta jina la Oistins kwenye barua zangu. Zaidi ya hayo, namna ya kufika inachuja watu. Mwenyeji anapanda gari dogo la abiria wanaloliita ZR, jina lililotokana na herufi za namba zake, nalo mngelitambua kwa masikio kabla ya macho: muziki, konda, na abiria watatu waliokaa pa wawili huku wa nne akiambiwa nafasi ipo. Nauli ni dola 3.50 za huku, uende mbali au karibu. Dola mbili zao ni moja ya Marekani, kiwango kilichowekwa mwaka 1975 na hakijaguswa mpaka leo, jambo ambalo mtu mwenye shilingi hapaswi kulitafakari akiwa na njaa. Mkipanda basi la serikali chukueni nauli kamili, kwa sababu chenji hakuna. Konda wa ZR anarudisha chenji, na tena bila kusema "utapewa mbele ya safari". Hilo nalitangaza rasmi kama maendeleo ya kigeni.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la fedha. Mwenyeji haendi kwenye mashua ya kasa, mtasema, kwa sababu bei yake inamshinda, wala si kwamba amepima akaona haifai. Mpe bangili uone kama ataikataa. Hapo mna haki kwa kiasi, na sitajifanya kwamba umaskini ni aina ya ladha. Ila bahari yenyewe ni bure, na ndipo kipimo kinapoonyesha nguvu zake. Fukwe zote za Barbados kisheria ni za umma, hoteli iwe na nyota ngapi, ingawa njia ya kuufikia mchanga ni ugomvi mwingine usioisha. Kwa hiyo mwenyeji anachagua bila kuzuiwa na bei, na anachochagua ni kuingia majini alfajiri, wazee hasa, wakioga na kupiga soga shingo zikiwa nje ya maji kabla mgeni hajaamka kupaka mafuta yake ya jua. Saa sita mchana mwenyeji hayupo pale. Mgeni yupo, anabanikwa, na amelipia mwavuli.

Kivuli nacho kina elimu yake. Mivinje ipo, ileile ya kwetu, na chini yake unakaa bila shaka. Lakini fukwe hizi zina mti uitwao manchineel, wenye tunda dogo la kijani linalofanana na tufaha, na kila kitu chake ni sumu. Tunda linaunguza koo, utomvu unababua ngozi, na mvua ikinyesha usijikinge chini yake, maana matone yanayopita kwenye majani yake yanaweza kukutoa malengelenge. Serikali inafanya nini? Inaupaka mkanda wa rangi nyekundu kiunoni, au inaweka kibao, kisha inauacha. Mizizi yake inashika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Kwetu tungeukata siku ya kwanza kwa shangwe, ufuo ungeliwa na bahari mwaka wa tatu, na mwaka wa nne tungefanya warsha yenye posho. Mwenyeji hahitaji rangi. Anajua ni mti upi tangu utotoni, na mgeni mwerevu anatandika kanga yake pale anapoona bibi wa Kibarbados amekwisha tandika taulo. Ilmradi kaptula yake isiwe ya madoadoa ya kijeshi, kwa sababu raia kuvaa mavazi hayo huku ni kosa, kama ilivyo kwetu, ingawa kumweleza hivyo mtu aliyetoka Toronto na sanduku zima la mavazi ya kuwindia si kazi ndogo.

Najua mama mdogo amekwisha kunja uso. Atasema: huyu anajidai ana kipimo, mbona kila kikipima kinaishia kwenye ugali, daladala, mivinje na zilipendwa? Hicho si kipimo cha kisiwa, ni kiu ya nyumbani imevaa miwani. Siwezi kulikataa lote. Mtu aliyekaa miezi mingi akila mkate uliokatwa tayari, akiiona sufuria ya ugali popote duniani, ushahidi wake mahakamani upokelewe kwa tahadhari. Lakini kipimo kinanipa pia vitu ambavyo sina undugu navyo. Kuna mauby, kinywaji cha gome la mti lililochemshwa na viungo, kinachoanza na utamu na kumalizika na uchungu wa mwarobaini. Wanakinywa kwa hiari yao, bila homa. Kuna tenisi ya barabarani, mchezo uliozaliwa hapa hapa: uwanja unachorwa kwenye lami, wavu ni ubao uliosimamishwa kwa ubavu, kimo cha shibiri moja, raketi ni za mbao, mpira ni wa tenisi ulionyonyolewa manyoya. Vijana wanacheza wameinama kama mtu anayetafuta sindano, kwa kasi inayotisha, na gari likija wanahamisha ubao, linapita, wanaurudisha. Hakuna mahali pa kukata tiketi. Kati ya mashua ya kasa na mchezo huu, najua nilipo.

Amebaki mjomba, ambaye ataniuliza habari za halali, na kwake kipimo kimenikwamisha. Ukikifuata bila upendeleo, chakula kinachoongoza Jumamosi ni kile wenyeji wanachokipangia foleni mchana: viazi vitamu vilivyopondwa kwa viungo na kupikwa kwa mvuke, pamoja na nyama baridi iliyolowekwa kwenye ndimu, tango na pilipili. Nyama yenyewe ni ya nguruwe. Kipimo kinasema ile ndiyo raha kuu ya kisiwa siku hiyo, mimi nasema viazi peke yake vinatosha, na yule mama muuzaji, aliyezoea watu wa kila dini, anasema bei ni ileile. Mwambieni mjomba mazungumzo ya kupunguziwa bado yanaendelea.