Mjomba Spana Ajibu: Pikapu Langu Linanifilisi

Wiki hii kapu la barua limejaa pikapu kuukuu. Wote wanalia kilio kimoja: gari linakula mafuta kuliko wenye nyumba wanavyokula wali. Nimechagua barua chache. Ambaye barua yake haimo, ajue nimeisoma na kosa lake limo humuhumu kwa jina la mwingine.

Shikamoo Mjomba. Nina Hilux ya dizeli, injini ya 2L, nabebea viazi kutoka shambani hadi stendi. Zamani mafuta ya elfu hamsini yalinimalizia wiki. Siku hizi Jumatano tu taa imewaka. Nimeshabadilisha mafundi watatu. Sasa nibadilishe injini? — Mfilisika, Makambako

Marahaba, mwanangu. Umebadilisha mafundi watatu, na hakuna hata mmoja uliyempa namba. Elfu hamsini hupima mfuko wako, haipimi tangi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei ikipanda, elfu hamsini ileile inanunua lita pungufu, na gari linasingiziwa ulafi.

Fanya hivi. Nenda sheli ujaze mpaka pampu ijikate yenyewe. Mhudumu akitaka kukuongezea kidogo ili hela iwe kamili, mshukuru na umkatalie. Andika kilomita. Fanya shughuli zako kama kawaida, kisha rudi sheli ileile na pampu ileile, ujaze tena mpaka ijikate. Lita zilizoingia mara hii ndizo ulizotumia. Kama umetembea kilomita 400 na zimeingia lita 40, unapata kilomita 10 kwa lita. Rudia mara tatu, maana wiki moja ya matope huharibu hesabu nzima.

Angalia na tairi zako. Kama umefunga kubwa kuliko za kiwandani ili pikapu likae juu na vijana wa stendi waheshimu, kila mzunguko unakwenda mbali kuliko dashibodi inavyohesabu. Kilomita zinaandikwa pungufu, na sehemu ya ulaji unaoulalamikia ipo kwenye daftari tu.

Hesabu ikiwa bado mbaya, anza na vya bei nafuu: upepo wa tairi, ea klina, filta ya dizeli, kisha breki. Baada ya hapo utazame moshi. Ukipanda mlima na mzigo likatoa moshi mweusi mzito, hiyo ni dizeli uliyoilipia ikatoka bila kuungua vizuri. Ama hewa haitoshi, ama nozeli zinachuruzisha badala ya kupuliza ukungu. Nozeli hupimwa kwa mashine kwa fundi pampu. Anayeishika mkononi, akaikodolea macho na kusema "hii imekwisha", mwambie asante na uondoke na nozeli zako zote nne. Injini ya kubadilisha sijaiona bado.

Habari za kazi, Mjomba. Marehemu mume wangu aliniachia Hilux ya petroli, 22R ya karbureta. Mwaka jana ilichemsha, fundi akang'oa thamostati akasema kwa joto la nchi hii haina kazi. Haijachemsha tena, lakini petroli inakwenda mno na plagi zinatoka nyeusi. Sasa ananiambia ninunue karbureta mpya. — Mama Pikapu, Morogoro

Pole mama, kwa msiba na kwa fundi.

Joto la nchi hii halihusiki. Jua la Morogoro likikaza sana linafika nyuzi thelathini na kitu, na injini yako inataka maji yake yawe na nyuzi zaidi ya 80 ndipo ifanye kazi sawasawa. Kazi ya thamostati ni kuyazuia maji yasikimbilie kwenye rejeta kabla hayajapata joto hilo. Ukiing'oa, maji yanazunguka saa zote na injini inashinda baridi. Petroli kwenye injini baridi haigeuki mvuke vizuri. Inabaki matone, inaganda ukutani, nyingine inaosha oili kwenye silinda, na inayobaki inaungua nusunusu. Ndiyo hayo masizi kwenye plagi. Na kama choki yako ni ya kujifungua yenyewe kwa joto, nayo imekaa inasubiri joto ambalo haliji, huku ikimimina.

Nunua thamostati. Kabla haijafungwa, iweke kwenye sufuria ya maji jikoni, ining'inize kwa uzi isiguse chini, na uwashe moto. Itakaa imefumba, imefumba, mpaka maji yanakaribia kuchemka ndipo kile kisahani cha katikati kitaanza kunyanyuka polepole. Ndani mna nta inayoyeyuka na kutanuka, na ndiyo inayokisukuma. Maji yakipoa, kitarudi chini. Ikifanya hivyo, ni nzima. Mwite fundi aje aone, pengine hajawahi kuiona ikifanya kazi.

Kisha mwulize swali alilolikimbia mwaka jana: gari lilichemsha kwa nini? Rejeta iliyoziba, feni mbovu, mkanda uliolegea, mfuniko usiobana, kimojawapo bado kipo. Usitoe hela ya karbureta mpaka hilo lijibiwe.

Mjomba, nina duka la vifaa vya ujenzi. Dereva wangu ananiibia mafuta. Jumapili nikiendesha mwenyewe pikapu halili kitu, siku za kazi linabugia. Nimfukuze? — Bosi, Mbagala

Bosi, subiri kidogo. Bahasha inayofuata ina mwandiko tofauti, lakini imegongwa muhuri wa duka la vifaa vya ujenzi, Mbagala.

Shikamoo Mjomba. Bosi wangu amenuna. Kila siku napakia mifuko 40 ya saruji. Kabla ya hapo nimeshapeleka watoto wake shule na mkewe sokoni, halafu naingia foleni ya Barabara ya Kilwa. Gurudumu la mbele kushoto linanuka. Nikiomba hela ya kujaza upepo, ananiambia upepo ni wa Mungu haulipiwi. Jumapili yeye anaendesha gari tupu kwenda kanisani. — Dereva Nisiye na Hatia

Marahaba. Nawajibu pamoja, someni mkiwa wote wawili.

Bosi, mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Mifuko 40 ni tani mbili, na pikapu lako limeundwa kubeba tani moja. Ukilinganisha Jumapili ya barabara wazi na Jumatatu ya tani mbili ndani ya foleni, umepima siku mbili za juma, dereva hujampima. Gari likiunguruma limesimama linapata kilomita sifuri kwa lita, hata angeendesha malaika. Upepo nao ukipungua, tairi linalala na injini inalikokota. Shuka ukalipie huo upepo wa Mungu.

Harufu ya gurudumu ni breki inayoshika. Endesheni mwendo mfupi bila kukanyaga breki kwa nguvu, msimame, kisha msogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Lenye joto kuliko wenzake ndilo. Lipigeni jeki mlizungushe kwa mkono. Likigoma, mmekuwa mkisafiri na breki imekanyagwa kutwa nzima, na mafuta ya kuisukuma mmeyanunua wenyewe.

Na wewe dereva, barua yako ni ndefu na imetaja kila mtu hadi mke wa bosi, ila haijasema neno kuhusu kidumu cha nyuma ya kiti. Wasio na hatia huwa wanakitaja.

Basi tengenezeni breki, jazeni upepo, pakieni mifuko 20 kwa safari. Fungeni mfuniko wa tangi wenye kufuli, mjaze wote wawili mkiwepo, na daftari moja litiwe saini mbili. Baada ya mwezi hesabu ikikaa sawa, bosi atanunua pilau na kuomba radhi. Isipokaa sawa, kidumu kitaitwa kikaoni.

Mambo vipi Anko! Mimi nikifika Kitonga natoa gia, natelemka nyutro, saa nyingine nazima kabisa. Mlango wa bodi wa nyuma nao nimeushusha upepo upite. Nimeokoa kiasi gani? — Mjanja wa Dizeli, Iringa

Salamu yako nimeiona. Kwetu kijana huanza na shikamoo, hasa anayetelemka Kitonga bila gia, kwa sababu anaweza asipate nafasi nyingine.

Umeokoa hasara. Dizeli yako ikiwa kwenye gia na umeondoa mguu kwenye eksileta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na gavana ya pampu hukata mafuta. Ukitoa gia, injini lazima ijitegemee isizimike, kwa hiyo inakunywa. Yaani unalipia mteremko ambao ungeupata bure. Ukizima, mambo ni mabaya zaidi. Kwenye Hilux nyingi za dizeli pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa kwenye altaneta. Injini ikilala, nayo inalala. Utakanyaga mara mbili tatu, kisha pedali inakuwa ngumu na kona ya Kitonga iko mbele yako.

Pandisha na mlango wa bodi. Ukiwa umefungwa, hewa hujikusanya ndani ya bodi na kuzunguka humo, na upepo unaotoka juu ya kebini hupita juu yake. Ukiushusha unaivuruga hewa hiyo, faida huioni, na begi la abiria unaliacha Ruaha Mbuyuni. Unataka kuokoa kweli? Punguza mwendo tambarare. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, ukinzani wa upepo unaongezeka kwa zaidi ya nusu, na pikapu halina umbo la kupasua upepo.

MAJIBU YA HARAKA

Nimeuziwa sumaku ya kufunga kwenye bomba la mafuta. Inapunguza ulaji? — Tabora
Imepunguza hela yako, hilo halina ubishi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta. Vilivyoonyesha nafuu ni vichache mno, na nafuu yenyewe ndogo. Sumaku itundike kwenye friji.

Rafiki ananishauri nichanganye dizeli na mafuta ya taa. — Tanga
Huko ni kuchakachua gari lako mwenyewe. Pampu hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha. Isitoshe, serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 kwa ajili ya watu kama rafiki yako. Hata wizi wenyewe haulipi.

Langu linakwenda kilomita 9 kwa lita. Jirani ananiuzia jipya kidogo la kilomita 12, nimwongeze milioni 15. — Mwanza
Tuseme unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi na lita ni shilingi 3,000. La zamani linakula lita 111, la jirani 83. Unaokoa kama lita 28, yaani shilingi 83,000 na ushei. Milioni 15 zitarudi baada ya miaka 15, na wakati huo la jirani litakuwa kuukuu na utakuwa unaniandikia tena. Baki na lako, ulitengeneze.

Shikamoo Mjomba. Mume wangu alisoma safu yako, sasa ana daftari la kilomita na lita. Mafuta yamekaa sawa, kilomita 10 kwa lita kila wiki. Shida ni kwamba Jumatano jioni huwa anakwenda mazoezi ya kwaya, na daftari linaandika kilomita 64. Kanisa liko ng'ambo ya barabara. — Mke wa Mpimaji, Kibaha

Marahaba, mwanangu. Gari lenu ni zima kabisa, msiliguse hata nati. Barua yako nimempelekea Shangazi wa ukurasa wa ndoa, pamoja na nakala ya daftari.