Mwenye Kihamba Ndiye Mfungua Geti

Desemba ikikaribia, nchi nzima huanza kututania kwamba Wachaga wanarudi kwao kuhesabiwa. Sawa, wacheke. Ila hakuna anayejiuliza ni nani anayehesabu. Ni mimi. Mimi ni kitinda mimba wa baba yangu, naishi migombani huku Old Moshi mwaka mzima, na kazi yangu kubwa ni kutunza funguo za nyumba za watu.

Mila yenyewe iko hivi: kifungua mimba hukatiwa kihamba chake, yaani shamba la ukoo, na kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi na kihamba kilichoizunguka. Wa katikati hupewa baraka. Kaka zangu wawili walipewa baraka zao, wakapanda basi, mmoja akashukia Kariakoo na mwingine akaenda zake Mwanza. Leo kila mmoja ana ghorofa humu humu ndani ya kihamba changu, maana ukoo ulikaa kikao ukaona si vizuri mtoto wa kiume akose pa kuzikwa. Kihamba ambacho hata ekari mbili hakifiki sasa kina migomba, ng'ombe wa ndani, makaburi ya wazee na maghorofa mawili yenye vigae yanayolala bila mtu miezi kumi na moja. Popo wamo. Nawafukuza mimi.

Mwaka jana mtoto wa kaka, anayesoma sosholojia chuo kikuu, alikuja na bunda la notisi. Akaketi barazani, akaanza kunielimisha.

"Baba mdogo, kwa mujibu wa Marx, anayemiliki ardhi na nyenzo za uzalishaji ndiye anayemtawala asiye navyo."

Nikamwambia arudie, maana nilikuwa sijapata habari njema kama hiyo tangu nibatizwe. Mwenye ardhi ni mimi. Mfongo wa maji unapita kwangu. Jembe langu, panga langu, ng'ombe wangu. Kabla sijaanza kuutumia utawala wangu, honi ikalia nje. Baba yake amefika, gari jipya namba E, taa zimewaka mchana kweupe. Bwana mwenye nyenzo za uzalishaji akavaa ndala akaenda kufungua geti.

Kijana akasema hilo nalo limeandikwa, na Thorstein Veblen, Mmarekani mwenye asili ya Norwei, mwaka 1899: mtu mwenye fedha hutumia ili aonekane anatumia. Huyo Veblen sina ugomvi naye. Angekuja tu akasimama pale Kiboriloni wiki ya Krismasi, akahesabu magari yanayopanda mlima na matope yake, halafu mwezi Januari aulize mangapi yalikuwa ya kukodi.

Lakini Max Weber tuna kesi. Huyo aliandika mwaka 1904 na 1905 kwamba Waprotestanti wa Ulaya walitajirika kwa sababu imani yao iliwafundisha kufanya kazi kama wito, kubana matumizi na kurudisha faida kwenye biashara. Mlima wetu una maabara kamili ya jambo hilo. Wamisionari waligawana miteremko miaka ile ile ya 1890: Walutheri wa Leipzig wakashika Machame, Mamba na huku kwetu, Wakatoliki wakashika Kilema, Kibosho na Rombo. Kwa hesabu ya Weber, Mkibosho angepaswa awe analala saa hizi. Nenda soko la Mbuyuni alfajiri ukamtafute huyo Mkatoliki aliyelala. Wa Rombo utamkuta ameshauza, amekula, na anakudai chenji.

Na kuhusu kubana matumizi, naomba nieleze habari ya jogoo wangu.

Usharikani kwetu, ibada ikiisha, sadaka za vitu hupigwa mnada: mikungu, mayai, maparachichi, kuku. Jumapili moja kabla ya Krismasi mke wangu alipeleka jogoo. Mzee wa kanisa akamwinua kwa miguu, akaanza na elfu ishirini. Kaka yangu wa Kariakoo akasema thelathini. Kutoka benchi la nyuma, mtoto wa jirani mwenye maduka Dar akasema hamsini. Watu wakageuka. Kaka akasema themanini, shemeji akamvuta koti, naye akaona amechochewa, akasema laki. Jogoo mwenyewe alishaacha kupiga kelele, anasikiliza. Alikwenda kwa laki mbili na nusu. Vigelegele, jina la mnunuzi likatangazwa mara mbili, na la aliyemfuga likabaki kwenye mfuko wa rambo aliokujia. Mtoto wa kaka akaninong'oneza kwamba Durkheim, mwaka 1912, alisema watu wakikusanyika kuabudu, kwa sehemu kubwa wanaiabudu jamii yao wenyewe. Nikamwambia anyamaze, tuko kanisani.

Jogoo alirudi nyumbani ndani ya gari lenye kiyoyozi. Mke wangu, aliyemtoa, ndiye aliyemchinjisha, akamnyonyoa, akampika. Kaka alikula paja.

Hapo tukafika kwenye jinsia. Kijana akasoma kwamba Engels, mwaka 1884, alisema mwanamke alishushwa pale mali ilipoanza kuwa ya binafsi na kushikwa na mwanamume. Mke wangu alikuwa anachuja mbege. Ndizi mbivu alizimenya mwenyewe, akazichemsha, akaziacha zichachuke, ulezi akauotesha na kuusaga, msesewe akautafuta. Wanaume tumekaa tunasubiri kata ipite tuseme kama imeiva.

"Mwambie huyo Engels aje anishikie pipa," akasema.

Ila huku mlimani mambo yana utani wake. Tangu zamani kahawa ilikuwa ya mwanamume na ndizi ya mwanamke. Kwa kahawa baba zetu walianzisha chama cha wakulima mwaka 1925, kikazaa ushirika wa KNCU mwaka 1933, wakavaa makoti, wakasomesha. Bei ilipoanguka wengi tukang'oa mibuni, tukaongeza migomba. Tulidhani tumebadili zao. Tulikuwa tumehamisha hazina. Siku hizi nikitaka nauli ya bodaboda ya kwenda mjini, naomba kwa heshima.

Katika bunda lote lile sikusikia jina la Bruno Gutmann, mchungaji Mlutheri aliyefika mlimani mwaka 1902, akaishi miaka mingi hapa Kidia, Old Moshi, akawasikiliza wazee na kuandika kitabu kinene cha sheria za Wachaga mwaka 1926. Yeye alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ndiyo mizizi ya mtu, akaogopa fedha zisije zikaikata. Haikukatika, Mchungaji. Imewekewa vigae.

Kuhusu nafsi, kijana alikuwa na Cooley wa mwaka 1902, anayesema mtu hujiona kwa kioo cha macho ya wengine. Kaka ana vioo viwili. Dar anaitwa Mkurugenzi. Hapa mama yetu anamwita kwa jina la utotoni, anamwuliza mbona kitambi, kisha anamtuma akalete majani ya ng'ombe. Na Mkurugenzi huenda.

Tarehe mbili Januari, mizigo imeshapakiwa, mikungu imejaa buti, kaka akanivuta nyuma ya banda.

"Mdogo wangu, una laki moja hapo? Ya mafuta tu. Nikifika Dar nakurushia kwa simu."

Mimi sikuwa nayo. Nikaenda jikoni. Mke wangu akafungua pindo la khanga, akahesabu hela za ndizi, noti za elfu mbili mbili zenye utomvu, taratibu. Kijana, aliyekuwa ameegemea mlango, akauliza sasa mama mdogo yuko tabaka gani.

"Acha maswali," akamwambia. "Una kalamu? Andika jina la baba yako, andika laki, na tarehe ya kurudisha. Halafu atie sahihi."