Jinsi ya Kuongoza Jarida Bila Kuzama Tanganyika

Hongera, umeteuliwa kuwa mhariri wa jarida la biolojia ya kompyuta. Kabla hujatafuta ukuta wa kutundikia barua ya uteuzi, njoo kwanza Uvira, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika. Tafuta bidoni ya lita 20, ijaze ziwani, ujitwike, uipandishe hadi mitaa iliyo chini ya mlima. Ukifika, pumzika, kunywa chai, kisha fungua mswada wa kwanza. Sasa unaweza kusoma jedwali la maji ukajua linasema nini.

Kazi yenyewe ina heshima. Jarida la PLOS Computational Biology lilianza mwaka 2005, Philip Bourne akiwa mhariri mkuu wake wa kwanza, na mwaka huohuo akaanzisha mfululizo wa makala za kanuni kumi rahisi kwa watafiti. Kanuni za namna hiyo ni nzuri, zishike. Huku kaskazini mwa ziwa tunakuongezea moja: ukiona sifuri kwenye jedwali, uliza imetoka wapi.

Tuseme umeletewa mswada wa ndagala, samaki wadogo wa ziwa hili. Modeli imetulia, michoro ina rangi za kupendeza, ila kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo mavuno ni sifuri. Mhakiki wa kwanza, anayeishi mbali sana na ziwa lolote, ameandika kwamba data zimepotea na kompyuta izijaze kwa makadirio. Usikubali! Muulize mvuvi yeyote wa Kalundu, hapa Uvira. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa hufuata mwanga. Mwezi ukishakuwa mpevu, ziwa zima linang'aa na taa ya mtumbwi haivuti kitu, kwa hiyo wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Hakuna kilichopotea hapo, ni mbalamwezi tu. Ukiendelea kusoma, utakuta sifuri nyingine, ndefu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Hiyo ni ya serikali: uvuvi ulifungwa ili samaki wazaliane. Halafu ipo sifuri ya mvuvi aliyekesha na taa yake, akarudi alfajiri na nyavu tupu. Hiyo ndiyo yenye habari ya samaki wenyewe, na inatisha, kwa sababu tangu mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walikwisha kuonyesha katika jarida la Nature kwamba ongezeko la joto limepunguza uzalishaji wa ziwa hili. Kompyuta haitazitenganisha sifuri hizo tatu mpaka aambiwe mtu azitenganishe. Mwambie mwandishi, na mpe muda wa kutosha.

Maji nayo yana sifuri yake. Mwaka 2015 Aurélie Jeandron, Jaime Mufitini Saidi na wenzao walichapisha utafiti wa Uvira katika PLOS Medicine. Walichukua kiasi cha maji kilichotolewa kila siku na mtambo wa Regideso, shirika la maji, wakakilinganisha na idadi ya wagonjwa waliolazwa kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu. Siku moja tu bila maji ya bomba, ikilinganishwa na siku mtambo unapofanya kazi vizuri, iliongeza wagonjwa kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Karibu robo ya waliolazwa walihusishwa na upungufu wa maji. Na mitaa iliyozoea kutumia maji mengi ya bomba ndiyo iliyoumia zaidi yalipokatika, jambo ambalo kila mama wa Uvira aliyerudi ziwani na ndoo analielewa bila hesabu. Utafiti kama huo unasimama juu ya mikono ya watu wawili: aliyesoma mita mtamboni na aliyeandika jina la mgonjwa daftarini, usiku, wodi ikiwa imejaa. Kwa hiyo, ukipata mswada wa kipindupindu cha Uvira ambao hauna hata jina moja la mtu wa Uvira, usiuharakishe. Uliza nani alishika daftari. Uliza pia kama siku isiyo na mgonjwa ilikuwa ya afya njema, au ni siku ambayo barabara haikupitika.

Sasa wahakiki. Najua una orodha ya marafiki wa chuo. Iweke kando kidogo. Chama cha Afrika cha bioinfomatiki na biolojia ya kompyuta kipo tangu 2004, na mtandao wa H3ABioNet, ulioongozwa na Nicola Mulder wa Cape Town, umefunza watu wengi katika nchi nyingi za bara hili. Kwa mambo ya samaki, hapa Uvira kuna Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia. Waandikie, tena kwa adabu: salamu kwanza, tarehe ya mwisho baadaye.

Tangu 2021 PLOS Computational Biology inawataka waandishi waweke wazi msimbo wa programu zao. Vizuri sana. Wewe nenda mbele zaidi: ujaribu msimbo huo kwa kompyuta yenye chaji robo, umeme umekatika, intaneti ni ya simu. Ukikwama, mwombe mwandishi aambatishe sampuli ndogo ya data, ili mwanafunzi wa hapa naye aweze kuuendesha.

Lipo na la pesa. PLOS huwasamehe ada ya uchapishaji watafiti wanaofadhiliwa kutoka nchi kama Kongo, lakini anayeona bei kwanza hufunga ukurasa na kuurudisha mswada kabatini. Msamaha huo uandike katika mstari wa kwanza wa barua yako, na uuandike kwa Kifaransa pia.