Urithi wa Kilo Mia

Jumamosi ile nilivua shati makusudi, ili majirani waone jinsi mwanamume anavyotengeneza chombo chake mwenyewe. Tairi la nyuma la Honda CG125 niliyoachiwa na marehemu baba lilikuwa na pancha, na fundi wa pale kona kila akiiona pikipiki hiyo hupandisha bei kwa heshima ya uzee wake.

CG125 si chombo cha mchezo. Honda walianza kuiuza mwaka 1976, wakiwa wameiunda kwa ajili ya nchi kama zetu: barabara mbovu, mizigo mizito, na wenye mali wanaobadilisha oili siku wakikumbuka. Hata cheni wameifunika yote, vumbi lisiifikie. Walifikiria kila kitu isipokuwa mimi. Uzito wake unakaribia kilo 100, yaani mifuko miwili ya saruji, na saruji naijua vizuri: kibarua hubeba mfuko, mimi hubeba risiti.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuipandisha kwenye stendi kubwa, ile ya miguu miwili, ili gurudumu la nyuma lining'inie. Nilisimama nyuma, nikaikumbatia keria, nikahesabu moja, mbili, tatu, nikavuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Ikapanda nusu, kisha ikaghairi. Stendi ilizama kwenye mchanga wetu wa Mbagala, pikipiki ikalala upande ambao sikuwapo. Upande huo kulikuwa na beseni la nguo zilizokwisha suuzwa. Petroli ikadondoka taratibu kutoka kwenye mfuniko wa tangi. Mke wangu hakusema kitu. Aliziokota nguo moja moja, akinusa kila moja, huku akinitazama mimi.

Akili ya pili ilitoka kwa watoto wa jirani, jambo ambalo lilitosha kunizindua. Tulitupa kamba ya manila juu ya tawi la mwembe, tukaifunga keria, tukavuta. Ikapanda! Ikabaki imening'inia mkia juu kama mbuzi buchani, watoto wakapiga makofi. Nikatia spana kwenye nati ya ekseli. Nati ilikuwa haijaguswa tangu enzi za baba, ikakataa. Nikavuta kwa nguvu zote. Nati haikusogea, iliyosogea ni pikipiki. Ilibembea ikanijia kifuani, na mimi nikaipokea, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda.

Muda wote huo mama alikuwa kwenye mkeka, akichambua mchele kwenye ungo.

"Mwanangu, kwani unafanya nini?"

"Nainyanyua, mama. Kama baba."

"Baba yako hakuwahi kuinyanyua hata siku moja. Na mgongo ule? Alikuwa anaikanyaga."

Akaweka ungo chini, akataka pikipiki ishushwe kwanza kutoka mtini, akaanza kuniamrisha. Kwanza, nati zinalegezwa kidogo ikiwa bado chini kwa magurudumu yote mawili, kwa sababu ikishakuwa juu, kila unapovuta spana unaisukuma ianguke. Pili, toa gia, funga koki ya petroli. Tatu, ubao mpana, stendi na gurudumu la nyuma vyote vikae juu yake, na nyuma ubao ubaki kidogo, maana ikipanda hurudi nyuma.

"Simama kushoto kwake. Mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye keria. Sasa shusha stendi kwa mguu, uiweke pikipiki wima mpaka usikie miguu yote miwili ya stendi imegusa ubao. Ukigusa mmoja tu, utarudi kwenye beseni."

Mke wangu akasogeza beseni.

"Haya, panda juu ya stendi kama unapanda ngazi. Mikono iongoze tu. Usivute!"

Nikaweka mguu, nikasimama na uzito wangu wote, na huo ninao, sijawahi kuupatia matumizi. Pikipiki ikarudi nyuma kidogo, ikajiinua yenyewe, ko! Gurudumu la nyuma likawa hewani, likizunguka polepole. Mikono haikuwa imefanya kazi yoyote zaidi ya ile ya kumshika mzee asiyumbe akipanda daladala.

"Mama, haya yote uliyajulia wapi?"

"Wewe unadhani nani alikuwa anamshikia usukani?"

Akarudi kwenye mchele wake. Nilifungua gurudumu bila shida, na ndipo nikagundua kuwa sina kiraka wala gundi. Ikabidi nilibebe hadi kwa fundi wa kona. Lakini kwanza niliingia ndani nikavaa shati. Majirani walikuwa wameshaona ya kutosha.